Yule wa Ukurasa wa Kumi na Moja

Kitabu ilitoka miaka mbili baada ya kupiga foto, na kwa nyumba ya Matata ilifika imechelewa.

Madamu Bahati wa asosiasiyo, kile chama cha kutoa vitabu vya watoto, aliileta mwenyewe, Jumanne, pale Nyamugari, kwenye chumba kidogo cha barabarani ambapo Matata anashonea. Alikuwa na furaha. Alisukuma vitambaa pembeni bila kuuliza, akaweka kitabu juu ya mashini, akafungua. Foto za rangi, karatasi nzito, harufu ya mpya. Kila ukurasa mtoto mmoja wa Gitega, amevaa nguo ya kazi ambayo anaitaka akiwa mkubwa: rubani, hakimu, mwalimu, fundi wa umeme. Nguo zote zile Matata ndiye alizishona. Siku ya foto mtoto mmoja alikosa kuja, na wao wakamchukua mtoto mkubwa wa Matata mwenyewe aliyekuwa amekaa hapo anakunywa fanta. Ukurasa wa kumi na moja. Latifa, miaka tisa, koti nyeupe ya daktari, mikono mfukoni, anacheka na pengo.

Chini waliandika: Mimi ni Latifa. Nikiwa mkubwa nitakuwa daktari.

Matata aliangalia. Mguu wake ulikuwa bado juu ya pedali.

Latifa alikuwa amekufa, sasa yapata mwaka mmoja na miezi mitatu. Alikufa Giteranyi, kwa bibi yake, wakati wa likizo. Homa. Siku zile nchi haikuwa na mafuta, na pikipiki ya mjomba wake ilikuwa imelala ndani kama mbuzi mgonjwa. Walimpakia kwa baiskeli kumpeleka hospitali, wakamfunga kiunoni kwa kitenge ili asianguke. Matata alikaa siku mbili kwenye parking ya Gitega akisubiri gari yoyote ya Muyinga, na alipofika walikuwa wameshazika. Maiti haisubiri foleni ya mafuta. Mama ya Latifa, Hidaya, hakufika kabisa. Hakumuona mtoto akiumwa, hakumuona akioshwa. Alimuona akipanda bisi na mfuko wa nguo, basi.

Madamu Bahati hakujua hata moja ya haya. Alikuwa anasema habari ya Jumamosi. Kutakuwa na sherehe kwenye sale, ule ukumbi wa kule mjini, wafadhili watakuja, watoto wa kitabu wote waje wamevaa nguo zao. Na baada ya hapo wanataka kutoa kitabu ingine, ya watoto wa Muyinga. Nguo arobaini. Kama Jumamosi itapita vizuri, kazi ni ya Matata.

Nguo arobaini. Toka mfungo uishe, Matata alikuwa anabadilisha zipu na kupunguza mitumba ya watu. Nguo mpya hakuna aliyeomba.

Hapo Swabra, mdogo wake Latifa, aliingia, anatoka shule, alikuja kuchukua ufunguo wa nyumba. Alikuwa na miaka nane na miezi kumi. Alisimama mlangoni, chini ya ile koti nyeupe. Maana koti ilikuwa bado pale. Siku ya arobaini Hidaya alitoa nguo zote za marehemu sadaka, mpaka soksi, lakini ile koti ilikuwa inaninginia kwenye msumari wa kazini kama mfano wa kuonyesha wateja, na hakuna aliyeikumbuka kuwa nguo ya mtu. Matata aliikumbuka. Aliiacha ininginie.

"Daktari wetu huyu hapa," Madamu Bahati alisema. "Angalia. Haukukua hata kidogo."

Swabra alimuangalia baba yake. Ilikuwa neno moja tu, amekufa, na Matata alikuwa amezoea kuisema: aliisema kwa mwenye nyumba, kwa mwalimu, kwa wateja waliouliza yule mtoto mcheshi ako wapi. Akainama, akakata uzi ambayo haikuwa na haja ya kukatwa.

"Jumamosi saa tatu," Madamu Bahati alisema, akaenda zake.

*

Matata alimpanga mtoto palepale, kabla moyo wake haujageuka. Alimwambia ni siku moja. Watasema jina, yeye atapanda, atasema maneno ya kwenye kitabu, atashuka, atapewa juisi. Kama wakimuita Latifa, aitike.

Swabra aliwaza.

"Na Swabra atakuwa wapi?"

"Atakuwa nyumbani."

"Na mama?"

"Mama tutamuambia nyuma, ikishaisha."

Sasa, watu walikuwa wanadhani huyu mtoto amesahau. Hakulia msibani. Alikula pilau ya watu, akacheza na watoto wa Fatouma, jirani. Lakini wale watoto wawili walikuwa wanalala kitanda kimoja, Latifa upande wa nje, Swabra ukutani, na mwaka mzima na zaidi Swabra alibaki amebanana na ukuta, akiacha nafasi ya mtu. Hakuna aliyemuambia asogee. Hakuna aliyeona.

Jumatano alilala katikati. Alhamisi alilala upande wa nje.

Akaanza na maswali. Alimuuliza mama yake Latifa alikuwa anaanza kula andazi upande gani. Aliuliza kama Latifa alikuwa anaogopa bata. Hidaya alijibu huku anakanda unga. Hidaya alikulia kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, Kiswahili chake kilikuwa cha huko, na kwenye mtaa walimtania kwamba anaongea kama redio. Kila mtu bado alimuita Mama Latifa. Fatouma aliwahi kujaribu kumuita Mama Swabra, kwa roho nzuri, na Hidaya alimwambia huyo mwanamke hamjui, akamtafute nyumba nyingine. Basi maswali ya mtoto yalimpa raha. Alidhani hatimaye wako wawili wanaomkumbuka.

Ijumaa mchana alikuwa uani anapeta mchele. Ndani ya chumba, nyuma ya pazia, sauti ikasema:

"Mimi ni Latifa."

Ilikuwa sauti yenyewe. Ile ya kuvuta mwisho, kama mtu anayeita kuku.

"Latifa?" Hidaya aliitika bila kufikiri.

"Ndiyo, mama."

Mchele ulimwagika wote. Alipovuta pazia alimkuta Swabra mbele ya kile kioo kidogo cha baba yake cha kunyolea ndevu, amesimama, mikono kiunoni kama ndani ya mifuko. Alimuuliza ni mchezo gani huo. Mtoto akasema ni kitu cha shule, watasoma mbele ya watu. Hidaya alimkataza asirudie tena. Alimwambia kule kwao Giteranyi, mtu aliye hai akiitwa kwa jina la marehemu haitiki. Anakaa kimya mpaka anayeita achoke. Ukiitika umemfungulia marehemu mlango, na akishaingia hatoki peke yake.

Halafu alirudi uani, akapiga magoti, akaanza kuokota mchele punje kwa punje. Si ile sauti ilimtisha. Ni kwamba kwa ule muda mdogo, kabla ya kufika kwenye pazia, alikuwa amefurahi.

*

Jumamosi asubuhi Matata alisema anampeleka mtoto shule, kuna sherehe. Hidaya alikuwa na maandazi kwenye mafuta. Hawajafika mbali, Fatouma akaingia mbio, kitambaa cha kichwa mkononi.

"Mama Latifa, nisamehe, labda si kazi yangu. Mzee wako ameshusha ile koti kwenye msumari. Mutoto ameivaa, wanaelekea sale ya mjini. Mi nilishtuka, nikakaa chini."

Hidaya aliacha mafuta yanachemka, akamuambia Fatouma atoe sufuria, akatoka na kanga aliyokuwa nayo.

Sale ilikuwa imejaa. Viti vya plastiki, mabango, watoto wa shule tatu. Mbele kabisa walikaa wafadhili, na kati yao Mzee Zulfikar, muuza vitambaa wa sokoni, ambaye alitoa juisi na biskuti. Zulfikar alikuwa anamuuzia Matata kitambaa toka zamani. Msibani aliwaletea gunia ya mchele na alikaa mkekani pamoja na wengine. Matata alipomuona pale mbele alipita nyuma ya mabango. Alikaa nyuma, karibu na mlango, kama mtu anayetaka kukimbia na bado hajaamua.

Watoto walipanda mmoja mmoja. Rubani, mtoto mmoja anaitwa Husain, alikuwa amekua sana, suruali ilimfika kwenye mashavu ya miguu, na watu walicheka. Hakimu, msichana mmoja, alikuwa ameota matiti na aliona haya. Wote walikuwa wameizidi foto yao. Ndipo wakaita Latifa, na mtoto aliyepanda alikuwa sawasawa na ukurasa wake. Koti ilimkaa. Kimo kilekile. Hata Madamu Bahati alisema kwenye mikro, kwa sauti ya kujaza sale, kwamba huyu ndiye hakuwaangusha.

"Mimi ni Latifa," mtoto alisema. "Nikiwa mkubwa nitakuwa daktari."

Watu wakapiga makofi. Ingekuwa imeisha pale. Lakini wafadhili wanapenda kusikia mtoto anaongea ya kwake, na Madamu Bahati alijua hilo, akainama na mikro.

"Juu ya nini daktari, Latifa?"

Hiyo haikuwa kwenye kitabu. Matata hakuwa amempanga. Mtoto aligeuza kichwa kama anamsikiliza mtu aliye karibu yake.

"Juu nilikuwa na homa kule Giteranyi," alisema. "Walinipakia kwa baiskeli. Walinifunga na kitenge ya bibi. Nilikuwa nasikia kiu."

Mwanamke mmoja wa mbele alishika kifua, akaanza kutikisa kichwa kwa huruma, na mwingine akaandika kitu.

"Pole sana, daktari," Madamu Bahati alisema. "Halafu ukapona?"

"Hapana."

Kuna waliocheka. Walidhani mtoto amekosea. Mzee Zulfikar hakucheka. Alisimama polepole, akatazama nyuma mpaka macho yake yakampata Matata, akasema kwa sauti ya chini maneno yale tunayosema tukisikia kifo. Wawili watatu wa karibu yake waliitikia bila kujua wanamuitikia nani.

"Swabra!"

Ilikuwa Hidaya, mlangoni, na unga bado kwenye mikono.

Mtoto hakugeuka.

"Swabra!"

Watoto wote wa sale waligeuka. Yule wa kwenye jukwaa peke yake aliendelea kuangalia mbele, mikono mfukoni, kama mtu anayesikia jina la mwenzake.

*

Madamu Bahati, ambaye Zulfikar alikuwa ameshamuambia yote, alimkuta Matata nje, kwenye ukuta, mbele ya wazazi wengine. Hakupaza sauti. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, maana kila mtu alisogea ili asikie.

"Fundi, umenidanganya mbele ya watu."

"Madamu, mi sikusema kitu."

"Ndiyo. Hukusema kitu." Alikuwa amekikunja kitabu mkononi kama gazeti. "Kitabu ya kuambia watoto waote ndoto za maisha yao, na we unanipandishia maiti. Vitabu elfu mbili, fundi. Mi nitafanya nini na ule ukurasa?"

Alisema watauchana, au watabandika karatasi juu. Nguo za Muyinga hakuzitaja, na Matata hakuuliza. Mzazi mmoja alimuambia mwenzake kwamba huyo fundi si ndiye alimshonea suruali, sijui kama ataivaa tena. Matata alisikia. Alitakiwa asikie.

Nyumbani Hidaya alivua ile koti kwenye mwili wa mtoto kifungo kwa kifungo, bila haraka, akaikunja, akampelekea Fatouma aitoe sadaka mahali Hidaya asipopajua. Halafu akakaa mbele ya mume wake.

"Nguo arobaini," alisema. "Umemuuza kwa nguo arobaini."

Matata alisema, "Si nguo."

"Ni nini basi, Baba Latifa? Niambie mimi mjinga."

"Yule madamu alisema, haukukua hata kidogo. Akimuangalia Swabra." Aliongea huku anaangalia vidole vyake, vile vina alama za sindano. "Mi nikafurahi. Nilijua si kweli. Nikaona, kuna mutu mumoja hapa Gitega, kwa kichwa yake Latifa iko hai, anamaliza shule, atakuwa daktari. Mumoja tu. Nikasema, mi nimuue tena juu ya nini?"

Hidaya alikuwa amejiandaa kwa uongo, au kwa kuombwa msamaha. Kwa hilo hakujiandaa. Angeweza kumuambia habari ya Ijumaa, ya pazia na mchele. Badala yake alisimama akaenda kumuuliza Fatouma mafuta ya maandazi kama yalifaa kitu.

*

Vitabu havikuchanwa. Kuchana ni kazi na kubandika ni pesa, na asosiasiyo haikuwa na vyote viwili. Viligawanywa shuleni jinsi vilivyo. Kwa hiyo asubuhi, mtu akipita nyuma ya shule ya Nyamugari, alisikia darasa nzima, watoto hamsini na kitu, wakisoma kwa pamoja: Mimi ni Latifa. Hidaya alibadilisha njia ya sokoni. Lakini hata huko watoto walimkimbilia Swabra wakimuita daktari, wakimuita Latifa, wengine kwa kumpenda, wengine kwa kumuogopa, na wale wabaya walikuwa wanamuuliza kaburini kuna baridi gani.

Hakuwa anawajibu vibaya. Aliitika. Tatizo lilikuwa ni jina lake. Mwalimu alituma ujumbe kwamba anapoita majina, akifika kwa Swabra hakuna mtu, na mtoto ako pale amekaa. Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Hidaya alimuita ale, alimuita aoge, alimuita kwa upole, alimuita na fimbo mkononi. Mtoto alikuja akishikwa mkono. Hakuwa na ugonjwa. Alikula, alicheza. Alilala upande wa nje.

Sheikh alimsomea mara tatu. Fatouma alileta dawa ya kuoshea. Matata alishona, na kila mtu akiingia alitazama mlangoni, kwenye ule msumari mtupu, kabla ya kumtazama yeye.

Wiki ya tatu Hidaya alimuambia mume wake kwamba amezika mmoja bila kumuona, na wa pili hatampoteza akimuangalia. Anakwenda Giteranyi na mtoto, amuonyeshe kaburi. Matata aliuliza kama na yeye aje. Hidaya alisema hapana, na baada ya kidogo akasema bado. Matata aliuza mkasi wake mkubwa, akampa nauli.

*

Walipita Karuzi, wakafika Muyinga saa saba, na kutoka hapo wakachukua baiskeli mbili, mama moja, mtoto moja. Hidaya hakutaka hiyo. Pikipiki hazikuwa na mafuta. Njia nzima alikuwa anatazama mgongo wa mtoto mbele yake, mikono imeshika shati ya mwendeshaji, na alihesabu vilima.

Bibi Zawadi, mama yake Hidaya, hakuuliza mengi. Aliwapa maji, akachukua fimbo yake, akawapeleka makaburini, chini ya shamba ya mihogo. Kaburi za watoto zilikuwa upande wa chini, matuta madogo, majani yameota. Bibi alitembea, akasimama, akarudi nyuma hatua mbili.

"Ni hili," alisema. "Au hili hapa. Wiki ile tulizika watoto wawili, mwanangu. Mvua ilikuja mara moja. Zamani nilikuwa najua, sasa kila nikija naona yamefanana."

Hidaya alikuwa amefikiri atalia, au ataanguka. Alikuja na maneno. Sasa alisimama kati ya matuta mawili na hakujua aelekee wapi. Aliinua mikono, akasoma fatiha mara moja kwa upande huu, akageuka, akasoma kwa upande ule. Bibi Zawadi aliwaacha, akapanda zake polepole kwenda kuwapikia.

Mtoto alichuchumaa. Aliweka kiganja kwenye tuta moja, halafu kwenye lingine, kama mtu anayepima homa.

"Iko kidogo," alisema.

"Ndiyo. Alikuwa mdogo."

"Hapana. Latifa alikuwa mukubwa."

Hidaya alikaa chini kwenye majani, na kanga nzuri na kila kitu. Kwa mbali mtu alikuwa anapiga kengele ya baiskeli akishuka na ndizi.

"Mama, alikuwa na miaka ngapi?"

"Tisa."

"Na sasa?"

"Tisa."

"Na mi?"

"Wewe utafika tisa mwezi huu ukiisha."

"Halafu?"

"Halafu kumi. Mungu akipenda."

Mtoto aliangalia matuta. Mdomo wake ulikuwa unatembea bila sauti.

"Basi mi Swabra nitamupita," alisema.

Mwaka mzima na zaidi Hidaya alikuwa anaogopa kitu kimoja, kwamba huyu atamfuata mwenzake. Hakuwahi kukaa akawaza ile ingine: kwamba akipona, akikua, atamuacha Latifa nyuma. Atavaa viatu ambavyo Latifa hakuvivaa. Atajua mambo. Siku moja ataitazama ile foto na kuona mtoto mdogo. Alitaka kusema hapana. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Ndiyo," alisema. "Utampita."

Ndipo Swabra akaanza kulia, kile kilio cha siku ya msiba ambacho hakuwahi kukilia, na huku analia alikuwa amenyoosha vidole mbele ya uso wake, anahesabu upya kutoka kidole cha kwanza, kama mtu anayetafuta mahali amekosea.